Likizo ya Wachimba Migodi

Huko Gdańsk, Poland, ilianza kujengwa meli ya matanga iitwayo Gwarek, ili wachimba migodi wa nchi hiyo nao wakapunge upepo baharini. Nia ilikuwepo, fedha zikakata. Bodi la meli likabaki tupu, wachimbaji wakaendelea kupunga vumbi.

Akatokea Mswidi mmoja mwenye nazo, Mikael Krafft, akalichukua bodi na kulimalizia Uholanzi. Mwaka 2000 ikazaliwa Royal Clipper: urefu mita 134, milingoti 5, matanga 42, nafasi za abiria 227 na mabwawa 3 ya kuogelea, maana bahari nzima haiwatoshi. Malkia Silvia wa Sweden akaipa jina. Kama kuna mchimba migodi aliyealikwa, basi alikaa nyuma sana.

Meli hii imeiga Preussen, jitu la Kijerumani la 1902 lililobeba naitreti kutoka Chile. Humo baharia alilipwa apande mlingotini kwenye dhoruba ya Cape Horn, naye aliomba Mungu ashuke salama. Siku hizi, kwenye Royal Clipper, mgeni ndiye anayelipa ili apande, kafungwa mkanda kiunoni, simu mkononi. Matanga hukunjwa kwa mota. Injini nayo ipo chini, kimyakimya, upepo usije ukagoma chakula cha jioni kikachelewa.

Preussen iliponzwa na mbio: mwaka 1910, karibu na Uingereza, meli ya mvuke ilikatiza mbele yake ikidhani chombo cha matanga hakiwezi kwenda kasi hivyo, zikagongana. Royal Clipper haina haraka kabisa. Kadiri siku zinavyozidi, ndivyo bili inavyonenepa.