Tiketi ya Usiku wa Ijumaa

Mwezi wa kwenda Oman ulianza kuzozaniwa nyumbani kwetu Kikwajuni tangu Mfunguo Tatu, na kila aliyefungua mdomo alikuwa na hesabu yake. Ami alihesabu pesa. Mama alihesabu sukari ya Bibi. Dada alihesabu likizo za skuli. Bibi mwenyewe, ambaye ndiye msafiri, alihesabu pepo.

Kwa Bibi, Oman huendewa kwa kusi. Babu yake alikuja Unguja kutoka Sur kwa jahazi la kaskazi, upepo unaoshika kuanzia Disemba, na waliotaka kurudi kwao walingoja kusi ya Aprili, au mwisho wake wakati wa demani. Sisi tukamtajia Oktoba. Akasema Oktoba upepo umeshafika mwisho, chombo hakina wa kukisukuma. Ami akamwambia kwa heshima kuwa ndege haina tanga. Bibi akanyamaza, lakini hakuridhika.

Ami alitaka Septemba mwanzoni, kwa kuwa ameona tiketi za bei nafuu. Binamu mmoja akamuunga mkono: si kuna picha za Salalah, milima ya kijani, ukungu, manyunyu, watu wamevaa masweta? Picha ni za kweli. Huko Dhofar majira ya khareef huleta manyunyu tangu mwishoni mwa Juni hadi Septemba. Ila dada yake Bibi hakai Salalah. Anakaa Nizwa, zaidi ya kilomita 800 kutoka huko, bara, chini ya Jabal Akhdar, na yale manyunyu hayafiki. Amekaa huko tangu miaka ya 1970, pale Sultan Qaboos, aliyeshika madaraka Julai 1970, alipowaita Waomani waliotawanyika warudi kujenga nchi. Aliondoka Unguja kijana. Tangu hapo kuonana kwao na Bibi kumekuwa kwa nadra, na kila mara kulikuwa na harusi au msiba katikati, hakuna aliyepata kukaa na mwenziwe akashiba mazungumzo.

Yeye ndiye aliyemaliza ubishi, kwa simu. "Ukija kwa kusi utatukuta tumejifungia ndani, mdogo wangu. Septemba jua bado halijatua mzigo. Njoo katikati ya Oktoba, tuingie Novemba pamoja."

Maneno hayo yana uzito kwa anayeijua nchi ile. Nizwa wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40 siku baada ya siku. Na Juni 2018, huko Quriyat, pwani kusini mashariki ya Muscat, ilipita siku nzima, usiku na mchana, joto lisishuke chini ya nyuzi 42.6; hakukuwa kumeandikwa popote duniani usiku wa moto kuliko ule. Kufika Oktoba mchana hurudi kwenye nyuzi 35 hivi, na Novemba hukaribia 30. Mtu mzima mwenye sukari na presha hana nafasi ya kubahatisha hapo. Mimi naliamini hili kwa moyo wote: safari ya mzee hupangwa kwa mwili wake kwanza, tiketi ikafuata. Nyumba nyingi huanza na tiketi, kisha mzee ndiye anayelipa tofauti ya bei kwa kichwa kuuma na miguu kuvimba.

Bibi akaiacha kusi yake. Ami akakata tiketi tatu, ya Bibi, ya Mama na yangu, akazichapisha na kuzibandika kwenye mlango wa friji: Ijumaa, tarehe 17 Oktoba.

Hapo ndipo nyumba ilipoingia kwenye insulini.

Daktari alikuwa ameeleza vizuri. Dawa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji. Iliyofunguliwa hustahimili joto la chumba kwa wiki nne hivi, mradi lisizidi nyuzi 30. Kwenye ndege isiwekwe katika mizigo ya chini, inaweza kuganda ikaharibika. Msafiri akae nayo mkononi. Na barua ya daktari iwemo, kwa sababu Oman hawana mzaha na dawa zisizo na maelezo. Mama aliyashika yote, akabaki na swali moja lililomnyima usingizi: je, tukiwa njiani huko jangwani na friji hakuna?

Bibi akasema tumbukiza kwenye mtungi. Akaeleza namna dada yake anavyopooza maji: chungu kibichi kisichotiwa rangi, kitambaa kilicholowa kikazungushwa, pahala penye upepo. Mama akanunua mtungi, akauweka juu ya kabati la ukumbini, karibu na dirisha, kitambaa kikidondoka, kipimajoto kikiwa ndani. Alfajiri akaenda kusoma. Mtungi ulikuwa umepoa kidogo mno, usingefaa kulinda kitu. Akabadilisha kitambaa, akausogeza barazani, akaupepea kwa kipepeo cha jikoni. Wapi.

Kosa halikuwa la mtungi. Chungu hupoa kwa sababu maji yanayopenya ukutani yakikauka huchukua joto kuondoka nalo, na hewa yetu ya pwani imeshiba unyevu, haina kiu ya kuyapokea. Ubishi wa Mama na Bibi juu ya jambo hilo ulichukua jioni nyingi, kila mmoja akiwa na haki yake. Na siku moja mtungi, uliorudishwa juu ya kabati, ukavuja usiku kucha, maji yakashukia kwenye droo ya kati. Kwenye droo hiyo ndimo zilimokuwa pasipoti. Ya Mama na yangu zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki. Ya Bibi ilikuwa juu, na kurasa za nyuma zikalowa. Tuliikausha ukurasa kwa ukurasa, kwa feni, tukiwa tumeipa kitabu kizito cha kuibana isijikunje. Ukurasa wa picha ulinusurika, namba zikasomeka, alhamdulillahi. Ami hakusema neno. Alikwenda kununua mkoba wa zipu, akazitia zote, akamkabidhi Bibi. Tangu siku hiyo Bibi alilala na ule mkoba chini ya mto.

Mizigo sitaizungumza sana. Karafuu, mdalasini, hiliki. Ng'onda aliyeagizwa na dada mtu, aliyeanikwa juu ya paa, kunguru wakamgawana na paka. Ikabidi aanikwe mwengine, na mtoto wa skuli akae na fimbo.

Alhamisi ikafika. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo Mama alipeleka insulini kwa jirani mwenye sola. Masanduku mawili yalikuwa wazi kitandani, nguo bado kambani. Gari ilikuwa imewekwa kwa kesho jioni. Baada ya Isha nikatoka ukumbini, nikamkuta Bibi amekaa barazani. Ameoga, amevaa buibui lake jipya, mkoba wa pasipoti mapajani, viatu mguuni.

"Bibi, unakwenda wapi?"

"Nizwa."

"Safari si kesho usiku?"

"Kesho usiku ni usiku wa Jumamosi," akasema. "Ami yako alinambia usiku wa Ijumaa. Usiku wa Ijumaa ndio huu. Jua limeshatua."

Mama akatoka jikoni kumtuliza. Ami, aliyekuja kwa chai, akacheka kwa upole, akaingia na tochi ya simu kumuonyesha karatasi ya kwenye friji. Kimya. Kisha tukasikia akivuta pumzi. Karatasi ilisema tarehe 17, saa 00:40.

Shirika la ndege huanza siku yake saa sita za usiku. Bibi huianza Magharibi, kama walivyomlea. Hesabu zote mbili zinaiweka saa ile ndani ya Ijumaa. Ni sisi wa katikati, tuliozoea kuuburura usiku nyuma ya mchana wake, ndio tuliokuwa nje ya safari. Ilikuwa saa mbili na nusu, na dirisha la kupokea abiria lingefungwa saa moja kabla ya ndege kuruka.

Sijapata kuona nyumba ikikimbia vile. Nguo zilianuliwa mbichi. Dada alipima masanduku kwa mizani ya dukani gizani, akisoma kilo kwa koroboi. Nikakimbia kwa jirani: mlango umefungwa. Yuko harusini Mwanakwerekwe, na ufunguo anao. Binamu akarukia vespa. Tulimngoja barazani na masanduku, Mama akisoma Ayatul Kursi, Ami akitafuta gari kwa simu mbili, na Bibi peke yake ametulia, akimuuliza kila apitaye kama ng'onda amefungwa vizuri. Vespa ilirudi na jirani mwenyewe amepakiwa nyuma, na nguo zake za harusi na hina bichi mkononi. Alifungua, akatoa insulini, akaipanga kwenye chupa ya baridi akiwa amezungushia taulo ili isigusane na barafu, akamkumbatia Bibi kwa viwiko. Mola amlipe.

Uwanjani Kiembe Samaki tulikuwa wa mwisho kwenye foleni. Sanduku la ng'onda lilizidi kilo, likarudi nyumbani na Ami.

Tukatua Muscat asubuhi ya saa moja, mpwa wa Mama akatupokea. Nizwa tukaingia wakati soko la mifugo la Ijumaa linavunjika, njia imejaa mbuzi wanaopakiwa kwenye magari. Dada mtu alikuwa mlangoni. Walikamatana mikono, wakaanza kusema kwa pamoja, Kiswahili cha Unguja ya zamani, na hakuna aliyemngoja mwenziwe amalize.

Kwenye ukumbi wake kulining'inia jahla, chungu cha wafinyanzi wa Bahla. Mama alishika, akatia kipimajoto, akamwita Bibi aje asome. Maji yalikuwa baridi kweli. Hewa kavu ile ile iliyoyapooza, hata hivyo, ndiyo inayowadhuru wazee: jasho hukauka kabla mwenyewe hajalihisi, akadhani hana kiu. Mama akaweka utaratibu wa gilasi ya maji kwa saa, na mchana hakuna kutoka. Matembezi yakawa baada ya Alasiri, kando ya falaj ya Daris, ambako maji bado yanapita mferejini kwenda mashambani, na sokoni yalikuwepo makomamanga ya Jabal Akhdar. Novemba ilipoingia, jioni zikawa za kujifunika, na sukari ya Bibi ikasomeka vizuri kuliko ilivyokuwa Kikwajuni.

Usiku mmoja Ami alipiga simu kuuliza hali. Bibi akamwitikia shikamoo yake, akamuuliza kuhusu ng'onda, akaambiwa kashaliwa.

"Hapana neno," akasema. "Mwakani tutarudi. Tiketi kata ya Novemba, baba. Na ukate ya mchana."