Jirani Asiyepiga Hodi: Mwongozo wa Kuishi na Biva

Umehamia Marekani au Kanada, umepata nyumba kando ya bwawa, na asubuhi moja unaukuta mti wa bustani umelala chini, kisiki kimechongoka ncha. Hongera, una jirani. Anaitwa biva, ana kilo 16 hadi 30, hufanya kazi usiku, na kibali cha ujenzi hajaomba. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Fuata hatua hizi.

1. Mjue kabla hujamshitaki

Biva ni mgugunaji mkubwa kuliko wote Amerika Kaskazini. Duniani anazidiwa na kapibara tu. Meno yake ya mbele yana rangi ya chungwa kwa sababu ya madini ya chuma, na hayaachi kukua, kwa hiyo kutafuna hatapumzika. Wavuvi wasiwe na hofu: samaki hali. Chakula chake ni gome la ndani, majani na mimea ya majini. Ukuta wa matawi, mawe na tope anaujenga ili maji yapande, yafunike mlango wa nyumba yake, adui asiingie. Humo wamo baba, mama, watoto wa mwaka huu na wa mwaka jana. Wakifika miaka 2 hivi, vijana huondoka kutafuta maji yao.

2. Usibomoe ukuta

Utashinda Jumamosi nzima na jembe, utoke jasho, na Jumapili asubuhi utakuta tundu limezibwa. Mtafiti Lars Wilsson wa Uswidi alionyesha kwamba biva huanza kujenga hata sauti ya maji ikitoka kwenye spika. Kila unapotoboa, unamwita kazini. Isitoshe, maji yanayoachiliwa ghafla huwafurikia walio chini yako, na katika jimbo la Massachusetts kubomoa bila kibali ni kuvunja sheria.

3. Usikimbilie mitego

Ukimwondoa mwenye nyumba, umetangaza nyumba ya kupanga. Vijana wanaotafuta makazi wataiona, na mara nyingi haupiti muda mrefu kabla hawajahamia. Mwaka 1948 jimbo la Idaho lilijaribu kuhamisha biva 76 kwa ndege: waliwekwa kwenye masanduku na kushushwa milimani kwa parachuti. Hatua mbili zinazofuata ni rahisi kuliko ndege.

4. Ivalishe miti

Anaipenda zaidi mierebi na mipopla, lakini hata mwembe, angeupata, angeujaribu. Zungushia kila mti unaoupenda wavu wa waya mgumu, kimo cha mita 1.2, uache nafasi ya sentimita 15 ili shina linenepe. Penye theluji nyingi, ongeza kimo, maana theluji humpandisha. Wavu mwembamba wa banda la kuku atauangusha. Kama waya unakuudhi macho, changanya rangi ya maji inayofanana na gome na mchanga laini, gramu 140 kwa lita, upake shina. Hakuna apendaye kutafuna mchanga.

5. Kubalianeni kina cha maji

Hapa ndipo penye siri. Pitisha bomba pana katikati ya ukuta, mdomo wake wa ndani ukae mbali kwenye kina, umezungushiwa kizimba cha waya. Maji yatatoka kimya, biva asijue yanakokwenda. Ukuta unabaki kwake, barabara inabaki kavu kwako.

Mji wa Martinez, California, ni ushahidi. Biva walipojenga kwenye kijito cha Alhambra katikati ya mji, viongozi waliogopa mafuriko wakataka waondolewe. Mwaka 2007 wakazi walijaa kikaoni kuwatetea. Mapema 2008 fundi Skip Lisle kutoka Vermont aliweka bomba, biva wakabaki, na mwaka huohuo wakazi wakaanza kuwafanyia tamasha.

6. Mfunge mbwa kamba

Biva akipiga maji kwa mkia kishindo kikasikika, anawaonya jamaa zake, na wewe pia ondoka. Mbwa akimkaribia mama mwenye watoto ataumwa vibaya. Maji ya bwawa usiyanywe bila kuchemsha. Vijidudu vya giadia huishi humo.

7. Pokea kodi yake

Halipi kwa fedha. Bwawa lake hushikilia maji wakati wa ukame, hulea samoni wachanga, na huwaita bata na vyura. Utafiti wa Emily Fairfax na Andrew Whittle, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba kingo za mito zenye kuta za biva zilibaki za kijani wakati mioto mikubwa ya magharibi mwa Marekani ikiteketeza kwingine. Biva waliifanya kazi hiyo ya kutunza maji karne nyingi kabla biashara ya manyoya ya kutengenezea kofia haijakaribia kuwamaliza. Sasa wamerudi, na wanastahili kupokewa.

Basi, kikao cha mtaa kikiitishwa kujadili mitego, nenda, kaa mbele, nyosha mkono. Waambie wavu na bomba vinauzwa dukani, na fundi huyu wa usiku hadai mshahara.