Namna ya Kuwa Dalali Bila Kumiliki Hata Tofali

Duka linataka fremu, fremu inataka kodi, kodi inataka mtaji. Udalali wa nyumba na viwanja hapa Dar es Salaam hautaki kimojawapo. Unataka simu ya laini mbili, viatu vinavyolijua vumbi la Goba na tope la Mbagala, na mdomo usioishiwa salamu. Nyumba ni ya mtu, kiwanja ni cha mtu, pesa ni ya mtu. Chako wewe ni kujuana nao.

Wala usione haya, maana kazi hii ina ukoo wake. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, kupata nyumba Upanga au Kariakoo kukawa ni jambo la ofisini, na ofisini palikuwa na kimemo: kikaratasi cha mkubwa kinachomwomba mkubwa mwenzake amsaidie kijana huyu. Msajili aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Haja ya kumjua mtu anayemjua mtu haikuunganishwa na chochote. Ilihamia chini ya mwembe, jirani na stendi, kwenye benchi lenye mguu mmoja wa tofali. Ofisi yako ndiyo hiyo.

Na ukisikia dhamiri inakunong'oneza kwamba unauza kisicho chako, isomee Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, na mwananchi anapewa haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo hata yule anayejiita mwenye kiwanja anauza haki ya kukitumia tu. Wewe unauza habari za mtu anayeuza haki ya kukitumia. Mmepishana ngazi moja.

Sasa tuje kwenye watu. Dalali mchanga huanza kwa kuwatafuta wenye nyumba, na hapo ndipo anapokosea. Mwenye nyumba ndiye wa mwisho kujua kwamba mpangaji wake anahama. Wa kwanza ni Mangi wa dukani. Mpangaji aliyekuwa anakopa unga na sabuni akianza kuzunguka uchochoro wa nyuma asionekane dukani, chumba kiko njiani. Akija ghafla akalipa deni lote bila kudaiwa, chumba kiko njiani vilevile, ila huyu anahamia kwake. Wa pili ni dereva wa kirikuu: hakuna kitanda kinachotoka mtaani bila yeye kujua kinakwenda wapi na kwa nini kinatoka saa sita za usiku. Baada yake weka mlinzi wa geti, fundi bomba, mama ntilie na vijana wa bodaboda. Hawa hawapewi rushwa. Wanaachiwa ya soda. Rushwa humaliza urafiki siku hiyohiyo, soda huuendeleza. Ukimwachia mlinzi buku mbili leo bila kumuuliza lolote, mwezi ujao atakupigia yeye, tena kwa salio lake.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anataka uangalifu wa aina nyingine. Mauziano ya viwanja vya huku kwetu visivyopimwa hupita mezani kwake, kwa saini yake na muhuri wake, na maelewano yanayoambatana na muhuri huo tusiyaandike hapa. Mwamkie kila asubuhi hata kama umri wenu ni mmoja. Uchaguzi wa serikali za mitaa huja kila baada ya miaka mitano. Ukifika, muunge mkono mgombea wa kila chama, kila mmoja kwa siri. Atakayeshinda atakukumbuka kwa uaminifu wako, na walioshindwa watakuwa na shida ya pesa. Watu wenye shida ya pesa huuza viwanja.

Shughuli za mtaa ndilo shamba lako. Ingia kwenye kamati ya harusi, toa mchango mapema, usisubiri kusomwa kwenye orodha ya wadaiwa. Kamati ile ina mtu wa benki, mtu wa TRA, afisa ardhi wa wilaya na mjomba wa bwana harusi aliyepo Muscat anayetaka kujenga Bunju. Ukilipia kadi ya watu wawili umenunua vikao vinane pamoja nao. Maharusi wenyewe watahitaji vyumba viwili na sebule kabla fungate halijaisha.

Lakini hakuna shule ya kazi hii inayoushinda msiba, na hapa nakuomba tuongee taratibu.

Wahi. Ukisikia kilio, kabla ya kuuliza nani, uwe umeshabeba viti viwili. Fika kabla ya turubai, shiriki kulifunga, chota maji, halafu jitolee kushika daftari la rambirambi. Watu watasema kijana huyu ana moyo. Ni kweli, ila pia anayeshika daftari ndiye anayejua majina yote, namba zote, nani mtoto wa mke mkubwa, nani wa nje, nani kaja na gari na nani kaomba nauli ya kurudia. Vyumba usivihesabu kwa kidole. Hesabu kwa macho, wakati unatafuta pa kuweka sufuria. Na kamwe usitaje nyumba kabla ya arobaini. Ukitaja kabla utapigwa, na utakuwa umestahili.

Baada ya arobaini utakuta ukoo umegawanyika vilevile kama koo zote. Yupo anayetaka kuuza. Yupo anayesema nyumba ya baba haiuzwi. Na yupo ambaye ameshachukua kishika uchumba kwa dalali wa Tandale. Ukoo utakaa, utamteua msimamizi wa mirathi, na mahakama ndiyo itakayompa nguvu. Huyo ndiye wa kumjua. Ila usimtupe yule asiyetaka kuuza, kwa sababu siku moja atatoka na kopo la rangi nyekundu na kuandika ukutani: NYUMBA HII HAIUZWI. Dalali mchanga akiona maandishi hayo hupita. Wewe yasome kama tangazo. Mtu haandiki hivyo kwenye nyumba ambayo hakuna aliyejaribu kuiuza.

Ndoa nazo zifuatilie, kwa heshima. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa mmoja kuuza nyumba wanayoishi bila ridhaa ya mwenzake. Hivyo usiwe rafiki wa baba tu. Mjue na shemeji, uwasalimie na watoto kwa majina. Madalali wa tabia mbaya, ambao wewe si mmoja wao, wameshuhudia muuzaji akija kusaini na mke asiyejua swichi ya jikoni iko wapi, na aliyeteleza akamwita mumewe kaka. Wao walitazama juu, wakasifia jipsamu.

Mteja nimemchelewesha makusudi. Ukishawajua watu hao wote, mteja atakuja mwenyewe, amechoka, ana barua ya kazi mpya na mke anayemuuliza kila jioni amefikia wapi. Chukua kwanza hela ya kuonyeshwa. Hii hairudi, hata kama nyumba mliyokwenda kuiona imefungwa na mwenye funguo yuko Kibaha. Mwonyeshe chumba ambacho choo chake kiko nje na watu sita wanachangia mita moja ya LUKU. Mwonyeshe cha pili, kibaya zaidi. Cha tatu ndicho ulichotaka achukue tangu asubuhi, nacho kuna mtu anakuja kukilipia jioni. Mtu huyo hajawahi kuonekana mjini hapa, na ndiye mpangaji anayesumbua bei kuliko wote.

Umbali usiupime kwa mita. Sema dakika tano kutoka lami, bila kutaja ni za chombo gani. Tangu daraja la Kigamboni lifunguliwe mwaka 2016, kila kiwanja ng'ambo ile kipo karibu na daraja, pamoja na kile cha Pemba Mnazi ambacho majirani zake ni minazi mitupu. Akiuliza kwa nini kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme anaonunua yeye mpangaji, kama ilivyo tangu mwaka 2021, mwambie hayo mtazungumza na mwenye nyumba.

Ila ole wako wazungumze kweli.

Hapa ndipo penye kiini cha biashara yote, na wengi hufilisika kwa kutokukijua. Unalipwa kwa kuwakutanisha watu, na unaishi kwa kuhakikisha hawajuani. Mpangaji anakulipa kodi ya mwezi mmoja juu ya miezi sita anayompa mwenye nyumba. Hiyo ni riziki ya wazi, kila mtu anaifahamu. Riziki ya chini ya meza inaitwa cha juu. Mwenye kiwanja anataka milioni 12. Amemwambia mpwa wake, ambaye amemwambia kinyozi kuwa ni 13. Kinyozi anacho kwa 14 na nusu. Dalali wa Mbezi amekipokea kwa 16, nawe unakitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp kwa 18, maongezi yapo. Mzee wa watu amekaa barazani anashangaa kwa nini kiwanja chake hakinunuliki wakati bei ni ya kutupa.

Kwa hiyo mzee lazima awe safarini. Akiwa hayuko safarini, basi hapendi kusumbuliwa. Mteja naye, ukimweleza mzee, ni mtu mkubwa serikalini asiyetaka jina lake lijulikane. Wakilazimika kuonana, keti katikati, jibu maswali ya pande zote mbili, na simu ya mtu isitoke mfukoni. Hatari kubwa zaidi si wao kutajiana bei. Ni mzee kumtazama mteja na kusema, sura hii kama ya kwetu Rombo. Watataja kijiji, watataja kanisa, watataja bibi aliyemlea mmoja wao, na kabla chai haijaletwa kiwanja kitashuka hadi milioni 11 na wewe utaulizwa kama una nauli. Mpigie mteja simu kutoka chooni, umwambie kuna dharura.

Mara mojamoja utakutana na mnunuzi msomi. Anataka kwenda ofisi ya ardhi kulitazama jina la mmiliki kwenye daftari. Anauliza kama karatasi uliyompa ni hati, ni ofa, ni leseni ya makazi, au ni mauziano tu yaliyopigwa muhuri wa mtaa. Anataka kuona ramani ili ajue kama eneo halimo kwenye hifadhi ya barabara, maana amewasikia waliobomolewa kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara mwaka 2017, na baadhi yao walikuwa na karatasi nzuri kuliko hizi. Usibishane naye. Umia. Shusha sauti, useme: kaka, ina maana huniamini? Mbele ya swali hilo wasomi wengi wa nchi hii husalimu amri. Tumelelewa kuona kwamba kukagua ni matusi, na anayepekua daftari amemvunjia mtu heshima. Nimeona watu wenye shahada mbili wakitoa akiba ya miaka kumi ili tu wasionekane hawana adabu mbele ya mtu waliyefahamiana naye Jumanne. Mkono wa salamu wanauona kuwa hati tosha, na ofisi ya ardhi iliyo umbali wa daladala moja wanaiona mbali kama Dodoma.

Akishupaa kwenda, mwache aende. Mwambie kiwanja kimeshapata mtu.

Itafika siku mtakaa kwenye benchi la serikali ya mtaa: wewe, muuzaji, na watu watatu wenye karatasi tatu za kiwanja kimoja, kila moja ina muhuri. Simu zako mbili zote zitakuwa zimezimwa tangu Ijumaa. Usitetemeke. Mwenyekiti ni mtu wako, mjumbe ni mtu wako, na mmoja wa wale watatu ulimbebea viti msiba wa mama yake. Ukiulizwa, sema sentensi moja na usiiongeze: mimi niliwaunganisha tu. Kisha kaa kimya uangalie ni nani kati yao anaelekea kushindwa, kwa kuwa nyumba aliyokuwa akipanga ameshaiaga akijua anakuja kujenga. Mfuate nje, mpe pole, mnunulie maji. Chumba kipo, choo ndani, LUKU yake mwenyewe. Miezi sita, na mmoja wa dalali.