Bima Ndogo, Subira Kubwa
Daladala ilinigonga nikiwa kwenye pikipiki yangu pale Buguruni, taa ikiwa nyekundu kwake. Dereva akashuka, akanipa pole, kisha akanionyesha bima yake kwenye simu kama mtu anayeonyesha hirizi. Na kweli ni hirizi: inamkinga yeye. Mimi nikaambulia PF3, fomu ya polisi ya kupeleka hospitali, na nenda-rudi za trafiki kufuatilia ramani ya ajali. Kampuni ya bima nayo ikataka ripoti ya polisi, picha, makadirio ya fundi, na risiti halisi ya kofia ngumu niliyoinunua Kariakoo chini ya mwamvuli.

Huu ni mwezi wa tano nasubiri. "Kaka, faili lako liko mezani," ananiambia dada wa mapokezi. Meza ya nani, haulizwi mtu. Goti limeshapona, linasubiri kuthibitishiwa kwamba liliumia.