Uzembe wa Siku Kumi na Mbili

Barua ya wazi kwa Mamlaka ya Mbio za Farasi ya Uingereza (BHA), London

Waheshimiwa,

Dhumuni la barua hii ni pongezi. Wapo watu, hasa wale ambao mikeka yao imechanika, wanaodai kwamba BHA ni chombo kikali kisicho na utu. Mwandishi wa barua hii amepitia hukumu zenu na kuona kinyume chake. Tangu 2007, mlipopokea usukani wa sheria ambao kwa vizazi ulikuwa mikononi mwa Jockey Club iliyoasisiwa 1750, mmeonyesha upole ambao mkosaji wa kawaida, wa mchezo wowote ule, angeupigia magoti.

Msomaji wa Kiswahili ambaye hajawahi kukaa jukwaani katika uwanja wa Ngong siku ya mbio, anayewajua farasi wale wa kwenye skrini za maduka ya kubeti tu, anahitaji maelezo kidogo. Farasi wa skrini hachomekei mwenzake. Programu imemfunga adabu. Farasi wa nyama na damu ana uzito wa karibu nusu tani, anakimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na juu yake amechutama joki, mwembamba kama mwanafunzi wa darasa la saba, katikati ya wenzake kumi au ishirini wanaogombea njia moja kando ya uzio. Akiona upenyo, anaingia. Upenyo ukiwa mwembamba kuliko farasi wake, ameshachomekea, na wa nyuma yake lazima avute hatamu kwa nguvu zote, la sivyo kwato za mbele za farasi wake zitagonga za nyuma za yule aliye mbele. Hapo ndipo watu huanguka.

Kitabu chenu kimelipanga kosa hilo kwa ngazi. Kuna uzembe, kuna uendeshaji usiofaa, na kuna uendeshaji wa hatari. Kesi nyingi hukomea kwenye uzembe, na si ajabu, kwa kuwa ngazi hiyo ina neema zake. Ndani yake farasi hana hatia. Wasimamizi wakiridhika kwamba aliyechomekewa asingempita mshindi hata angeachiwa njia nyeupe, matokeo hayaguswi. Mwenye farasi anachukua zawadi, mkufunzi anachukua sifa, aliyebeti anachukua hela yake. Joki, naye akiwa na fungu lake la zawadi mfukoni, anapewa siku kadhaa za kukaa nyumbani.

Mfano mzuri ni mbio za Eclipse za uwanja wa Sandown, tarehe 2 Julai 2022. Vadeni, farasi wa hayati Aga Khan wa Nne (huyohuyo ambaye huku kwetu jina lake limo kwenye mabango ya hospitali na shule, na ambaye sehemu ya utoto wake aliishi Nairobi), alimshinda Mishriff kwa shingo moja. Hakuna farasi aliyefunzwa Ufaransa aliyekuwa ameshinda mbio hizo tangu 1960. Tandikoni alikuwa Mbelgiji Christophe Soumillon. Wasimamizi waliketi, wakatazama video, wakamkuta na hatia ya uzembe, wakamfungia siku 12. Vadeni akavuka bahari kurudi kwao na zaidi ya pauni 400,000.

Madereva wa daladala wa Dar es Salaam wangeisikia habari hii wangeomba uraia wenu. Trafiki anamsimamisha mtu aliyechomekea magari matatu ili awahi abiria wa Ubungo, anamkagua, kisha anamwambia kwa upole: ni kweli umefanya uzembe, gari halina kosa, nauli zote ni halali yako, ila kuanzia wiki mbili zijazo usiendeshe kwa siku kadhaa.

Hizo wiki mbili si chumvi ya mwandishi. Tarehe 20 Juni 2023, siku ya kwanza ya Royal Ascot, joki Frankie Dettori alimpanda Inspiral katika Queen Anne Stakes. Alikuwa ametangaza kwamba huo ndio mwaka wake wa kuaga. Alikutwa na uzembe akafungiwa siku tisa, nazo zikapangwa kuanza tarehe 4 Julai. Kati ya hukumu na adhabu palikuwa na nafasi ya kushinda Gold Cup, na akaishinda, Alhamisi ya wiki hiyohiyo, juu ya Courage Mon Ami. Uwanja mzima ulimshangilia mtu aliyekuwa na kifungo mfukoni kama tiketi ya treni ya mwezi ujao.

Sababu ya kuchelewesha inaeleweka: mtu apate muda wa kukata rufaa, na wenye farasi wapate muda wa kutafuta joki mwingine. Tena siku zile tisa zilimuuma Dettori kwelikweli, kwa kuwa zilimeza Eclipse ya tarehe 8 Julai, ambako alikuwa ampande Emily Upjohn. Alikata rufaa, akashindwa. William Buick akakaa tandikoni na farasi akamaliza wa pili nyuma ya Paddington. Lakini angalieni kilichomuuma. Kosa lenyewe halikuuma. Iliuma bahati mbaya ya tarehe. Kosa lilelile, lingefanyika wiki ambayo mbele yake hakuna mbio kubwa, lingemgharimu siku tisa za viwanja vidogo ambavyo nyota wa kiwango chake hakuwa na haja navyo, yaani likizo ya ufukweni yenye muhuri wa serikali ya mbio. Siku tisa hizohizo mkimpa kijana anayezunguka Wolverhampton na Southwell akiishi kwa ada ya kila mbio, mmemnyima kodi ya nyumba. Mizani gani hii, waheshimiwa, inayompima mtu kwa mwezi aliozembea?

Hong Kong hawana tatizo hilo kwa kiasi hiki. Wana viwanja viwili tu, Sha Tin na Happy Valley, na siku za mbio 88 hivi kwa msimu mzima. Kila siku inayokatwa ni siku ya maana, na juu yake huwa wanaongeza faini. Ninyi mna mbio karibu kila siku ya mwaka, kwa hiyo siku zenu ni kama shilingi iliyochapishwa kupita kiasi.

Msione haya, maana majirani zenu wa Ufaransa waliwahi kuwazidi. Ijumaa ya tarehe 30 Septemba 2022, uwanjani Saint-Cloud, Soumillon huyohuyo alimpiga kiwiko joki mwenzake Rossa Ryan mbio zikiwa zinaendelea. Ryan akaporomoka kutoka juu ya farasi wake na, kwa rehema za Mungu, akainuka mzima. Hata mtoto akitazama video ile ataona kwamba kiwiko si uzembe. France Galop walimfungia siku 60, adhabu nzito kwa karatasi, kisha wakaipanga ianze tarehe 14 Oktoba. Prix de l'Arc de Triomphe, mbio kubwa kuliko zote za Ulaya, ilikuwa Jumapili ya tarehe 2. Soumillon akaenda akampanda Vadeni na kumaliza wa pili, nusu ya urefu wa farasi nyuma ya Alpinista. Aliyemchukulia hatua isiyongoja tarehe ni mwajiri wake: siku chache baadaye mazizi ya Aga Khan yalivunja mkataba naye.

Kuna watakaosema dawa ni kumnyang'anya farasi ushindi. Wamarekani wamejaribu. Mwaka 2019, katika Kentucky Derby, Maximum Security alimaliza wa kwanza bila mpinzani wa karibu, lakini kwenye kona ya mwisho alikuwa amepepesuka nje na kuwavuruga wenzake, War of Will akiwa wa kwanza kuathirika. Wasimamizi walijifungia na video kwa dakika 22 hivi huku watu zaidi ya laki moja wakingoja mvuani. Walipotoka, mshindi alikuwa wa 17. Taji lilikwenda kwa Country House, aliyekuwa na odi ya 65 kwa 1, na kila aliyeweka dola 2 juu yake akapokea dola 132.40. Lilikuwa jambo ambalo halijawahi kutokea katika mbio 145 za Derby, mshindi kuvuliwa taji kwa kosa la uwanjani. Rais Donald Trump alilalamika, wenye farasi wakaenda mahakama ya shirikisho wakatoka mikono mitupu, na joki Luis Saez akafungiwa siku 15 za mbio. Mwandishi hatamani kuwaona Waingereza wakipitia hayo. Kumwadhibu aliyebeti, mchunga farasi na mwenye farasi kwa kona ambayo hawakuikata wao ni haki ya kubabaisha, na Wafaransa wenyewe waliachana na utaratibu wa aina hiyo 2018 wakahamia kwenu.

Na msidhani barua hii haijui kwamba ninyi pia huwa mnabadilisha matokeo. Juni 2021, katika Commonwealth Cup ya Ascot, Dragon Symbol alitangulia kwa kichwa baada ya kumsukuma Campanelle upande kwa masafa marefu. Mlimshusha hadi nafasi ya pili, Campanelle akapandishwa, na joki wa Dragon Symbol, Oisin Murphy, akapata siku nne. Hukumu sahihi kabisa. Pengo lilikuwa kichwa kimoja, madhara yalionekana kwa macho. Shida ni kwamba kanuni hii inapima kitu kimoja tu, nani angefika mbele ya nani. Haiulizi nani angeweza kufa njiani.

Mahali pengine mmeonyesha kuwa mnaweza kumgusa farasi mkitaka. Tangu 2023, joki anayechapa viboko vinne zaidi ya idadi iliyoruhusiwa (sita katika mbio za tambarare, saba katika za kuruka viunzi) anampotezea farasi wake ushindi. Kwa hiyo leo, katika mbio za tambarare mjeledi wa mara kumi kwenye paja la farasi wako mwenyewe unafuta matokeo. Kumbana kwa uzembe farasi wa jirani hadi joki wake asimame kwenye vikuku kwa hofu hakufuti chochote, ilimradi umemwacha nyuma kwa umbali wa kutosha. Anayesoma kanuni hizi mbili kwa pamoja anapata ushauri wa ajabu: ukitaka kuvunja sheria, ivunje kwa kasi.

Sasa uwanja wa Kempton, na hapa mwandishi anaomba ruhusa ya kuweka pongezi pembeni.

Tarehe 31 Oktoba 2016, joki Freddy Tylicki, Mjerumani wa miaka 30, alikuwa anampanda Nellie Deen. Mwezi huohuo, siku ya Arc, alikuwa ameshinda Prix de l'Opéra juu ya Speedy Boarding. Alikuwa anapanda chati. Alikuwa ndani, kando ya uzio, Graham Gibbons akiwa juu ya Madame Butterfly upande wake wa nje. Njia ilibanwa. Tylicki alipiga kelele kumwita mwenzake kwa jina. Kwato ziligongana, Nellie Deen akaanguka, farasi watatu waliokuwa nyuma wakajikwaa juu yake na majoki wao wakatupwa chini. Tylicki hajatembea tena tangu siku ile. Uti wa mgongo uliumia na mwili umepooza kuanzia kiunoni.

Wasimamizi waliketi mchana uleule na kusema ni ajali. Hapakuwa na siku tisa wala siku nne. Hata moja haikuwepo.

Ikabidi mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu aende Mahakama Kuu ya London kudai fidia ya pauni milioni 6. Desemba 2021, zaidi ya miaka mitano baadaye, jaji aliamua kwamba Gibbons anawajibika kwa majeraha yale. Alieleza bayana kwamba uzembe wa kawaida wa uwanjani hautoshi kumfanya joki awajibike mbele ya sheria ya nchi, na kwamba kilichotokea Kempton kilivuka mpaka huo: kilikuwa ni kutojali kabisa usalama wa mwenzake. Video ilikuwa ileile. Kona ilikuwa ileile. Wasimamizi waliona ajali, mahakama ikaona kosa lililo juu ya uzembe, na kati ya macho hayo mawili hamna hata ngazi moja ya kitabu chenu iliyotumika.

Hapo ndipo mwandishi anapotoa ombi lake, nalo si kubwa. Joki wa farasi mwingine akiwa bado yuko njiani kupelekwa hospitali, uchunguzi usifungwe siku hiyohiyo. Ungojeni ushahidi wa aliyeanguka. Mara nyingi ndiye aliyekuwa karibu zaidi kuona.

Kuhusu hao mnaowapa siku, kosa la mbio za daraja la kwanza lilipiwe kwa kukosa mbio za daraja la kwanza, hata kama itabidi kungoja miezi mitatu zifike. Na fungu la joki katika zawadi ya ushindi uliopatikana kwa uzembe lisiingie mfukoni mwake. Pa kulipeleka papo. Mwaka 1964, baada ya Tim Brookshaw na Paddy Farrell kupooza kwa kuanguka Aintree katika muda wa miezi michache, ulianzishwa mfuko wa kusaidia majoki walioumia, ambao leo una vituo vya tiba Lambourn, Malton na Newmarket. Unategemea michango, na kila mwaka huuza kadi za Krismasi ili ujaze kibubu. Fungu la Soumillon la Sandown peke yake lingewapunguzia kadi za kuuza.

Wasalaam,
Mtazamaji wa mbali, asiye na mkeka wowote kwenye mbio hizi