Meja Weiss Angepita Kihesa

Baridi ya Julai hapa Kihesa humfanya mtu akubali lolote ili mradi asitoke nje. Mimi nimekubali Zone Blanche, tamthilia ya Kifaransa ya mwaka 2017. Mji wake, Villefranche, ni wa kubuni: umezungukwa na msitu, simu hazishiki mtandao, na mauaji ni mara 6 ya wastani wa taifa. Msitu sina ugomvi nao. Unanikumbusha misonobari ya Sao Hill, kule Mufindi, ukungu ukishuka. Meja Laurène Weiss, anayepeleleza mauaji hayo, naye nampenda, hacheki ovyo.

Ila jamani, mji gani huo mtu anauawa na majirani hawana habari? Hapa ukinunua nusu kilo ya nyama sokoni, hujafika nyumbani umeshaulizwa una mgeni gani. Huyo meja angekaa saa moja tu kilabuni, hata kama msimu wa ulanzi umepita, angemjua muuaji, mashemeji zake na deni lake dukani. Tamthilia ingeishia sehemu ya kwanza.

Wao wamefikisha misimu 2, sehemu 16. Nimezitazama zote. Mbili nimezirudia.