Shangazi Vumbi Anajibu: Mabati Yangu, Hati Yake

Shangazi. Mimi nafanya kibarua kwa maua, Naivasha. Nimeishi na baba ya mtoto wangu miaka sita hapa Longonot, kwenye ploti ya hamsini kwa mia aliyoinunua kabla hatujajuana. Mabati ni yangu, tangi la maji ni langu, na fundi nilimlipa mimi. Juzi tulikosana, akaniambia, "Wewe hapa ni mgeni tu." Si sheria inasema ukikaa miezi sita tayari wewe ni mke?
Mgeni Mwenye Mabati

Mwanangu! Hiyo sheria ya miezi sita nimeisikia kwenye matatu za Maai Mahiu, nimeisikia saluni, nimeisikia hata matangani. Kwenye vitabu vya sheria ndiko sijaikuta. Kukaa tu hakumpi mtu cheti. Mlima wetu wa Longonot umekaa hapo tangu ardhi iutapike, lakini kuandikwa mbuga ya taifa ulingoja hadi 1983.

Sasa sikiliza. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilikata kesi ya watu wawili walioanza kuishi pamoja 1986 na kuwa na mali Dagoretti, Nairobi. Mama alikuwa bado ana ndoa yake kwingine. Majaji wakasema ndoa ya kudhaniwa ni jambo la nadra, si kawaida. Anayedai athibitishe kwamba wote wawili walikuwa huru kuoana, walikusudia, walikubaliana, na watu waliwajua kama mume na mke. Hapo ndoa ikakosekana. Mali, lakini, haikukosekana! Baba alikuwa ametia jasho lake, kwa hiyo alipewa asilimia 30, mama akabaki na 70. Majaji wakaongeza kuwahimiza wabunge watunge sheria ya hawa wa njoo-tuishi.

Umeona mkondo wa maji? Swali la nani ni mke liweke kando kwanza. Uliza nani alitoa nini, na ushahidi uko wapi. Tafuta risiti za mabati na tangi, hifadhi jumbe zote za M-Pesa za fundi, na huyo fundi mwenyewe usikosane naye, maana ndiye shahidi wako. Mabati hayatakupa ploti nzima, ila yanaweza kukupa sehemu. Na tafadhali, usipande usiku kuyang'oa. Utavunjika mguu, na hakimu atakuona wewe ndiye mkorofi.

Linaloniuma ni ugali. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kupika, kulea watoto na kulima kuwa mchango, hata kuliwazana. Lakini hiyo ni ya wanandoa. Ugali wako wa miaka sita umebaki nje ya ua, mwanangu. Mkipatana tena, mwambie aende kwenu na wazee. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya kimila, na inataka iandikishwe.

Shangazi, mimi ni dereva wa lori, barabara ya Narok. Mimi na mpenzi wangu tunataka kununua ploti pamoja. Nimeandika agrimenti ya kurasa nne. Kipengele cha 7 kinasema sufuria ataosha yeye. Cha 8 kinasema akiniacha, arudishe mapenzi yote pamoja na riba. Naogopa kumwonyesha.
Dereva Mwangalifu

Una haki ya kuogopa. Futa cha 7, na cha 8 kichome. Vilivyobaki mpelekee wakili, kwa sababu mapatano ya ardhi Kenya lazima yaandikwe, nyote mtie sahihi, na mashahidi waweke zao. Hati itoke kwa majina mawili. Kisha jueni: kuna umiliki wa pamoja, ambapo mmoja akifa mwenzake anabaki na yote, lakini huo ni wa wanandoa, isipokuwa mahakama iruhusu; wenu ni wa hisa, ambapo kila mmoja ana fungu lake na warithi wake wanalifuata. Msipoandika nani ana fungu gani, mama yako na mama yake watawaamulia mbele ya jeneza. Na kama mnauziwa cheti cha hisa cha kampuni ya ardhi, soma jina lililo juu yake kabla ya kusoma bei.

Karatasi mwonyeshe siku ya mshahara, mmeshakula. Usimwonyeshe siku ameona ujumbe kwa simu yako.

Shangazi, mpenzi wangu alinijia na mbuzi mmoja. Sasa ni saba, na anahama. Ni wa nani?
Mchungaji

Alipomleta, alisema ni zawadi au ni wa kufuga? Kama hakuna anayekumbuka, chinjeni mmoja, mle pamoja, halafu muandikiane juu ya hao sita kabla mmoja wao hajazaa mwingine.

Mnaoniandikia, nawaomba kitu kimoja: nakala ya hati iambatane na barua. Picha ya harusi ya jirani hainisaidii.